Airisi Haichanui Mombasa: Soma Dalili Kabla ya Kushika Jembe

Kila upepo wa kusi unapoanza kutulia na vuli kunukia, swali hunijia lile lile, awe anayeuliza ni mtu wa Nyali, Likoni au Tudor: "Airisi yangu majani yake mazuri, mbona haitoi ua?" Wengi huwa wameshajaribu kila kitu. Wameongeza samadi, wameongeza maji, wamepunguza maji, wameihamishia juani, wakairudisha kivulini. Kabla ya yote hayo kuna jambo moja la kujua: hiyo uliyonayo ni airisi gani? Zipo airisi ambazo hazitachanua Mombasa hata uzilee kama mtoto mchanga, na zipo zinazochanua huku mwenyewe hana habari.

Kwa hiyo tuanze kwa kuitambua, halafu tuje kwenye dalili.

Itambue kwanza

Fukua udongo kidogo penye shina. Ukikuta tunguu nene lililolala kama tangawizi, na majani mapana ya kijani chenye ukungu wa kijivu yaliyopangwa kama upepeo wa jikoni, hiyo ni airisi ya ndevu. Ndiyo ile ya kwenye picha za bustani za Ulaya. Petali zake za chini zina mstari wa vinywele. Ukikuta kitunguu cha mviringo chenye maganda, hiyo ni ya Kiholanzi, inayouzwa sana kama ua la kukatwa. Zote mbili asili yake ni nchi zenye majira ya baridi.

Ukikuta majani laini yanayong'aa, na bua la ua lililo bapa kiasi cha kulidhania jani, umepata airisi inayotembea, Trimezia gracilis. Ua lake ni jeupe, na katikati lina petali za buluu zilizojikunja zenye mistari ya kahawia. Ndugu yake wa manjano ni Trimezia martinicensis. Hizi ni za Amerika ya kitropiki, na joto letu wanalijua.

Majani yakiwa membamba, magumu, yamesimama kama rundo la panga, huenda ni Dietes, airisi ya Kiafrika. Dietes iridioides ni mwenyeji wa bara hili: huota porini kuanzia Ethiopia, ikapita Kenya, hadi Afrika Kusini. Dietes bicolor, yenye ua la manjano hafifu na madoa meusi, ni ya Afrika Kusini peke yake.

Ya mwisho ni ile ya ua la rangi ya chungwa lililotapakaa madoa mekundu, na mbegu nyeusi zilizoshikana kama tunda la forosadi. Zamani wataalamu waliiita Belamcanda chinensis. Mwaka 2005, baada ya vinasaba vyake kuchunguzwa, ikaingizwa rasmi katika jenasi ya airisi na kuitwa Iris domestica. Kwa bustani ya pwani yenye jua kali, mimi ndiyo ninayoipendekeza ya kwanza. Hukubali kupandwa kwa mbegu, na haidai baridi tusiyokuwa nayo.

Dalili: majani tele, ua hakuna

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu dalili ni moja na sababu ni nyingi.

Kama yako ni ya ndevu, sababu ni baridi. Somo hili lilinichukua miaka mitatu. Nilinunua pakiti ya matunguu matatu yenye picha ya ua la zambarau. Nikayapanda, yakashika, yakatoa majani. Mwaka wa kwanza nikasubiri. Wa pili nikaongeza samadi. Wa tatu tunguu moja likaozea masika, mawili yakakonda, na sikuwahi kuona hata tumba. Airisi hii huhitaji kukaa wiki nyingi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 ndipo ianze kuumba tumba. Mombasa, usiku wa Julai na Agosti ambao sisi tunajifunika shuka, kipimajoto hukaa karibu na nyuzi 20. Hakuna mbolea inayoziba pengo hilo. Na friji je? Nimeulizwa mara nyingi. Mmea wenyewe ndio unaotakiwa kukaa baridini, ukiwa na mizizi yake na majani yake. Tunguu lililofungiwa kwenye friji la jikoni karibu na nyanya huishia kunyauka au kuota ukungu. Sioni sababu ya kuutesa mmea namna hiyo. Kama una jamaa anayeishi bara kwenye baridi, mpe ajaribu bahati yake, nawe upande inayokubaliana na pwani.

Kama ni inayotembea au ya Kiafrika, anza kuangalia kivuli. Chini ya mwembe mkubwa mwanga haufiki ardhini, na airisi hapo itatoa majani marefu yaliyolegea, ikiinamia upande wenye mwanga. Hiyo ni dalili ya wazi kabisa. Airisi inayotembea hupenda mwanga uliochujwa, na mchujaji mzuri kuliko wote tunaye: mnazi. Panda hatua chache kutoka kwenye shina, upande ambao nazi haziangukii, utaona tofauti. Dietes na ile ya ua la chungwa, Iris domestica, zinataka jua zaidi ya hapo, angalau nusu siku.

Halafu uliza chakula. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na mmea ukishibishwa naitrojeni hujenga majani tu. Majani yakiwa ya kijani iliyokolea sana, mapana na laini, na ua halionekani, acha samadi miezi kadhaa. Mboji iliyoiva inatosha.

Umri nao una neno. Wakulima wa airisi inayotembea husema haichanui mpaka upepeo wake utimize majani 12 hivi. Usiichukue kama sheria, ila inafundisha subira: mche wa majani matano hauna kosa lolote, bado mtoto. Kichaka kilichosongamana nacho huacha kuchanua. Kikifika miaka mitatu au minne, kingo zake zikiwa hai na katikati pametupu, ng'oa ukigawe.

Kosa jingine linatokana na usafi wetu. Ua likishanyauka, mtu huchukua mkasi na kukata bua ili bustani ipendeze. Kwa Dietes umekata maua ya kesho, kwa kuwa bua lile lile la Dietes iridioides, au la ndugu yake Dietes grandiflora, huchanua tena na tena, pengine zaidi ya mwaka mmoja. Ng'oa vibegu vya mbegu vikianza kuvimba, bua uliache. Kwa airisi inayotembea umekata mtoto. Pale ua lilipokuwa, mche mdogo huchipuka. Unakua, bua linalemewa, linainama mpaka mche uguse udongo na kutia mizizi yake. Ndivyo inavyotembea, hatua moja kwa kila ua. Dietes bicolor ndiyo tofauti: bua lake likishamaliza maua unaweza kulikata.

Sasa sababu ambayo watu hawaitegemei kabisa: ua lilitoka, hukuliona. Bibi mmoja jirani yangu alinifumbua macho. Nilikuwa nimesimama kibarazani nikilalamika.

"Shikamoo bibi. Hii airisi yangu mwaka wa pili huu, haijatoa ua."

"Marahaba mwanangu. Haijatoa? Hilo lako lafunguka asubuhi nikienda kununua mbaazi na mahamri. Ukirudi kazini lishajifunga."

Alikuwa anasema kweli. Ua la airisi inayotembea huishi siku moja tu. Hufunguka asubuhi, na jioni petali zimejisokota. La Iris domestica na la Dietes iridioides ni vivyo hivyo, ingawa la Dietes grandiflora huweza kufika siku tatu. Tena maua haya huja kwa mkupuo: leo vichaka vyote vinafunguka pamoja, halafu kimya siku kadhaa, halafu mkupuo mwingine. Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi anaweza kumaliza mwaka bila kuliona hata moja. Chunguza ncha za mabua: ukikuta kijiti kikavu kilichojisokota kama uzi, au kibegu cha mbegu, au mche mchanga, basi airisi yako inachanua.

Dalili: tumba linatoka, linakauka bila kufunguka

Kwa ya Kiholanzi hili ni jambo la kawaida kwenye joto. Kitunguu kilichohifadhiwa baridini na muuzaji huja na nguvu ya kutoa tumba, lakini kikikutana na joto letu tumba hukwama ndani ya ala yake na kugeuka karatasi. Hukukosea kitu katika kulea.

Kwa zile nyingine, tazama upepo na maji. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali na udongo wa mchanga hukauka kati ya asubuhi na adhuhuri. Tumba ni maji matupu. Likikosa siku mbili linakufa. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kunyunyizia kidogo kila siku, na funika udongo kwa majani makavu. Kama maji yapo na bado tumba linanyauka likiwa na michirizi ya rangi ya fedha, lipasue juu ya karatasi nyeupe. Vidudu vyembamba kama vipande vya uzi vikitambaa, hivyo ni vithiripi. Kata matumba yaliyoharibika, uyatie kwenye mfuko na kuufunga, kisha nyunyiza mafuta ya mkilifi, ule mwarobaini wetu, jioni jua likishazama ili majani yasiungue.

Dalili: majani yanageuka manjano

Usikimbilie mbolea. Angalia ni majani yapi.

Majani machanga ya katikati yakiwa manjano, huku mishipa ikibaki kijani kama mistari ya daftari, mmea umekosa madini ya chuma. Majani ya zamani, ya nje, yakitangulia kuwa manjano jani zima, umepungukiwa naitrojeni, au jani limezeeka tu. Manjano ikianzia kwenye shina, na shina lenyewe likibonyea ukilishika, ruka uende sehemu ya kuoza hapa chini.

Hiyo ya kwanza ndiyo ugonjwa wa Mombasa hasa. Tumejenga mji juu ya matumbawe ya kale. Ardhi ya kisiwa na ya ukanda mzima wa Nyali, Bamburi na Shanzu imejaa chokaa, na udongo wa aina hiyo huwa na pH, yaani kipimo cha uchachu, ya zaidi ya 7.5, maana yake haukaribii kuwa mchachu. Chuma kimo ndani yake, lakini chokaa imekifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Ukitaka kuhakikisha, chukua kijiko cha udongo mkavu, dondoshea siki ya jikoni. Ukitoa povu, una chokaa. Fanya jaribio hilo hasa kando ya kuta, maana mafundi huacha masalio ya saruji na chokaa pale pale tunapopenda kupanda maua. Na tafadhali, usiongeze majivu wala maganda ya mayai. Ushauri huo ni wa watu wenye udongo mchachu. Kwetu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa.

Dawa ya haraka ni kunyunyizia majani salfeti ya chuma iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha pakiti. Rangi hurudi, ila kwa majani uliyoyanyunyizia tu. Dawa ya udongo ni chuma cha kileti, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokikinga kisifungwe na udongo, lakini soma herufi kwenye pakiti: kinachoandikwa EDTA hushindwa kwenye udongo wa chokaa, kinachohimili ni EDDHA. Duka likikuuzia chochote kwa jina la "chuma" bila kukuonyesha herufi hizo, fedha zako zinapotea.

Dawa ya kudumu ni mboji, na ushahidi wake tunao mjini hapa hapa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya Bamburi, mahali palipobaki jabali tupu la matumbawe. Mvinje ndio uliomudu. Majani yake yaliyoanguka hayakuwa yakioza mpaka walipoletwa majongoo, wakayatafuna na kuyageuza udongo. Leo hapo ni msitu, unaoitwa Haller Park. Kama jabali liligeuka msitu, kitalu chako cha mita mbili hakishindikani. Chimba shimo pana, ondoa vipande vya matumbawe, jaza nusu udongo mwekundu na nusu mboji, na kila miezi michache ongeza tabaka la majani yaliyooza juu yake. Ukiona jongoo kwenye mboji, mwache afanye kazi. Asiyetaka kuchimba apande kwenye chungu kikubwa chenye matundu.

Dalili: ncha za majani zinaungua kahawia

Hii ni chumvi, na mara nyingi inatoka kisimani. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya munyu, na kiangazi yanazidi ukali. Yaonje: ulimi ukiyakataa, airisi nayo itayakataa, ila itakuchelewesha miezi kabla ya kukuambia. Utaona pia ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu.

Si kila mtu anaweza kununua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni kila siku kwa ajili ya ua, nami sitamwambia hivyo. Weka maji ya bomba kwa airisi peke yake, ya kisima kwa minazi. Kinga maji ya mvua. Kama nyumbani au ofisini kuna kiyoyozi, tega ndoo chini ya ule mpira unaodondoka nje. Maji yale hayana chumvi, na ndoo hujaa upesi kuliko unavyodhani. Chungu chenye ukoko kimiminie maji matamu mengi kwa mkupuo mpaka yatoke chini mara mbili tatu, chumvi isombwe. Mvua za masika hufanya kazi hiyo bure ardhini.

Wanaoishi karibu na ufuo wana chumvi ya pili, ile inayobebwa na kusi. Kuungua kukiwa upande mmoja tu, ule unaotazama bahari, sababu ni hiyo. Osha majani kwa maji matamu, na panda kichaka kigumu mbele yake kiwe ngao.

Dalili: shina linalegea na kunuka

Hapa usingoje kesho. Vuta upepeo wa majani taratibu. Ukitoka mkononi mwako bila kushikilia, na chini pana uji wenye harufu mbaya, ni uozo wa bakteria. Huja masika, Aprili hadi Juni, mvua inapopiga siku nzima na maji kutuama juu ya jabali lisilopitisha.

Ng'oa tunguu lote. Kwa kisu kikali kata sehemu zote laini mpaka ufikie nyama nyeupe, ngumu, isiyonuka. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, lichovye tunguu kwa dakika chache, ulisuuze, kisha ulianike kivulini penye upepo siku mbili mpaka vidonda vikauke. Kisu nacho kichovye kabla ya kugusa mmea mwingine. Unapolirudisha, usilizike. Hili ndilo kosa ninaloliona kila bustani: watu hupanda tunguu kama wanavyopanda muhogo, kiganja kizima chini. Mgongo wake unatakiwa uwe usawa wa udongo, mizizi tu ndiyo iteremke. Inua kitalu kwa kiganja kimoja, kiwe kama tuta, maji yapate pa kukimbilia.

Majani yenye matundu, na wageni wengine

Matundu makubwa yenye kingo zisizo sawa pamoja na utelezi unaong'aa asubuhi ni konokono, wale wakubwa ambao asili yao ni pwani hii hii. Toka na tochi baada ya mvua, uwaokote kwa kuvaa glavu au mfuko, kisha unawe mikono. Vidukari huoshwa kwa maji ya sabuni. Tumbili wa Nyali wanaochuma maua, kwa kweli, sina dawa yao zaidi ya kupanda karibu na mlango.

Mbuzi wa jirani akitafuna, wasiwasi wako uwe kwa mbuzi: airisi ina sumu inayochoma tumbo, hasa tunguu. Kwa sababu hiyo hiyo matunguu uliyong'oa usiyaanike jikoni wala kando ya tangawizi. Mtoto anayetumwa kuleta tangawizi ya chai hawezi kuyatofautisha.

Ni lini basi?

Airisi zinazokubali pwani hazina msimu mmoja kama za Ulaya, ambako za ndevu nyingi huchanua kati ya Aprili na Juni. Kwetu mikupuo hufuata maji na nguvu ya mmea. Kugawa na kupanda nakufanya Julai, mvua kubwa zikishapita na kipupwe kikiwa bado kinapoza ardhi, ili mizizi ishike kabla ya jua la kaskazi. Mche wa airisi inayotembea ulio kwenye ncha ya bua huna haja ya kuukata upesi. Lete chungu kidogo chenye udongo chini yake, ulaze mche juu, uubane kwa jiwe dogo, na mama yake aendelee kuulisha. Baada ya wiki chache uvute kidogo. Ukikataa kutoka, umeshika. Hapo ndipo ukate bua.